Kunyanyua na Kusawazisha Hilux: Spesa za Mbele, Springi za Nyuma na Marekebisho Yanayofuata

Simama ubavuni mwa Toyota Hilux ambayo haijabeba kitu, utaona kwamba mkia wake uko juu kuliko pua. Hiyo si kasoro ya kiwanda. Springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zimepindwa kwa makusudi zikisubiri mzigo unaokaribia tani moja, na siku mzigo huo unapopakiwa, mkia hushuka na gari likakaa sawa. Mwenye pikapu anayebeba mzigo mara chache kwa mwaka, au anayetaka kufunga matairi makubwa zaidi, ndiye anayekuja gereji kuuliza namna ya kuinua mbele tu, kazi ambayo humu nitaiita kusawazisha, au kuinua mbele na nyuma kwa pamoja, ambako ndiko kunyanyua.

Maelezo haya yanahusu Hilux zinazovuta magurudumu yote manne, yaani Vigo iliyouzwa kati ya 2005 na 2015 pamoja na Revo iliyoipokea. Mbele zina mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, na katikati yake shokapu iliyovikwa springi ya koili. Nyuma kuna ekseli nzima iliyofungwa chini ya springi za majani. Ford Ranger na Isuzu D-Max za miaka ya karibuni zimepangwa kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo mengi ya hapa yatamfaa mwenye gari hilo, ila vipimo asiviazime.

Kulifanya gari lipande juu ni kazi ya siku moja. Kinachotofautisha kazi nzuri na mbaya ni pembe, kwa sababu kila milimita unayoongeza inapinda kitu fulani: shafti za mbele, boljointi (viungo vya duara mwishoni mwa mikono), propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), fimbo ya valvu ya breki, hata mwanga wa taa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu si juu ya kufunga spesa, kile kipande kinene kinachowekwa juu ya shokapu ili kuinua pua.

Kabla ya kununua chochote

Lazima ujue kwanza unachopata na usichopata. Ukinyanyua Hilux kwa springi, chasisi na bodi hupanda, lakini difu la nyuma, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, halipandi hata kidogo, kwa kuwa liko ndani ya ekseli na ekseli imekaa juu ya matairi. Jiwe lililokuwa likigonga difu la nyuma jana litaligonga na kesho. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Ukitoka kwenye tairi ya 265/65R17 yenye kipenyo cha takriban milimita 776 kwenda 265/70R17 yenye milimita 803 hivi, ekseli hupanda nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 13, na spidomita itaanza kusoma pungufu kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Si hasara kubwa, lakini mwenye mguu mzito aikumbuke anapokaribia askari wa barabarani mwenye kipima mwendo.

Difu la mbele ni habari nyingine. Limefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo linapanda pamoja nayo huku magurudumu yakibaki chini, na shafti zinazotoka ndani yake kwenda kwenye magurudumu huanza kushuka kwa mteremko mkali. Sivijointi (viungo vya kupinda vya shafti hizo) zinazofanya kazi katika mteremko huo huchoka mapema, na raba zake hukunjamana upande mmoja hadi zikapasuka na kutema grisi. Kwa sababu hiyo, milimita 50 mbele ndicho kiwango ambacho mimi sikivuki kwa gari la kazi. Anayetaka zaidi atalazimika kushusha difu la mbele kwa vipande vya kutenganisha na kubadilisha mikono ya juu ili boljointi zisifike mwisho wa mzunguko wake. Hapo gharama inakuwa ya aina nyingine kabisa.

Swali la pili ni la mzigo. Anayebeba mara kwa mara mifuko 15 au 20 ya saruji, ambayo ni kilo 750 hadi 1,000, asisawazishe gari lake likiwa tupu hadi likawa sawasawa kabisa, kwa kuwa siku ya mzigo mkia utashuka chini ya pua, usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi na taa zitaangaza matawi ya miti. Mwachie mkia juu kwa milimita 20 au zaidi. Anayebeba familia na majembe mawili anaweza kulisawazisha akitaka.

Kupima

Pima kabla ya kugusa spana. Weka gari kwenye sakafu iliyonyooka, upepo wa matairi uwe sawa, tangi liwe na mafuta ya kawaida, kisha kwa kila gurudumu pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) kwenda juu hadi ukingo wa mdomo wa bodi, ule upinde ulio juu ya tairi. Usipime kutoka ardhini, kwa kuwa tairi lililolika au lenye upepo mdogo litakudanganya. Andika namba zote nne. Gari lililotumika miaka kadhaa mara nyingi huwa limelalia upande wa dereva kwa milimita 5 hadi 10, na usipoliona hilo mapema utakuja kuilaumu spesa bure.

Midomo ya bodi mbele na nyuma haikuchongwa kwa urefu mmoja, kwa hiyo usitoe tofauti ya namba hizo ukadhani ndiyo kiasi cha kuinua. Chukua pima maji ndefu, iweke chini ya kizingiti cha mlango, uone mwinamo wenyewe. Siku moja nilikosa pima maji nikaazima bomba la maji la fundi mwashi aliyekuwa akijenga ukuta wa jirani. Lilifanya kazi vizuri kuliko kifaa changu.

Jioni ya siku hiyo egesha gari mita 10 kutoka ukutani, washa taa za chini, na uchore kwa chaki mahali mwanga unapokatika. Utauhitaji mstari huo baadaye.

Mbele: kufunga spesa juu ya shokapu

Shokapu ya Hilux haikufungwa kwenye gurudumu bali kwenye mkono wa chini, karibu na katikati yake. Ndiyo maana unene wa spesa si sawa na kiasi ambacho pua itapanda: spesa ya milimita 25 huinua pua kwa takriban milimita 45 hadi 50. Wapo walionunua spesa ya milimita 50 wakitarajia milimita 50, wakapata gari linalotembea kama linaruka kichura, shokapu zikigonga mwisho kwa kila tuta.

Weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono na ulegeze nati za magurudumu ya mbele yakiwa bado ardhini. Piga jeki, kisha weka stendi imara mbili chini ya chasisi nyuma ya magurudumu ya mbele. Jeki si stendi, na tofali si stendi. Vua magurudumu yote mawili hata kama utaanza na upande mmoja, na ufungue viungo vya stabilaiza (fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona) pande zote mbili, kwa sababu ukiuacha upande mmoja umefungwa, fimbo ya stabilaiza itakuwa inauvuta juu mkono unaoujaribu kuushusha, na utamaliza asubuhi nzima ukipigana nayo.

Fungua vishikio vya hozi ya breki na vya waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande wakati wa breki) ili vipate kulegea. Chomoa pini ya tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu), legeza nati yake bila kuitoa yote, kisha gonga ubavu wa nako (kipande kinachobeba habu) kwa nyundo mahali tairodi inapoingia. Mapigo mawili au matatu makali huiachia. Usigonge uzi wa bolti kutoka chini, kwa kuwa utaukunja na tairodi hiyo haitarudi. Boljointi ya juu huachiwa kwa namna hiyo hiyo, ila kabla hujaiachia ifunge nako kwa kamba au waya mnene kwenye chasisi. Nako isiyofungwa huanguka kwa nje, ikavuta hozi ya breki na kuichomoa sivijointi ya ndani kutoka kwenye kikombe chake.

Sasa nenda juu, mahali shokapu inapofungwa kwenye chasisi. Utaona nati tatu zilizopangwa kwa pembetatu, na katikati yake nati moja kubwa zaidi. Zile tatu zinashikilia shokapu kwenye chasisi. Ile ya katikati inashikilia springi iliyobanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo, na ukiifungua bila kifaa cha kubana springi, kitako cha juu kitaruka kama risasi. Kwa kazi ya spesa ya juu huna sababu yoyote ya kuigusa. Ipake rangi nyekundu ikibidi, ili msaidizi wako asije akaishika kwa kudhani anakusaidia.

Kabla ya kuzitoa zile nati tatu, chora alama kwa rangi juu ya kitako cha shokapu kuelekea nje ya gari. Kisha toa bolti ya chini inayoshika shokapu kwenye mkono, ambayo kwa magari yetu yanayopita kwenye matope kila masika huwa imegandana na bushi yake, yaani raba yenye chuma ndani; ipe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Kandamiza mkono wa chini kwa mtaimbo huku mwenzako akiitoa shokapu.

Spesa huvaa bolti tatu za shokapu na kukazwa kwa nati kutoka juu, kisha bolti zake zenyewe ndizo zinazoingia kwenye matundu ya chasisi. Kwa spesa nyingi bolti hizo za juu zimegeuzwa pembe ukilinganisha na za chini, kwa hiyo alama uliyochora ndiyo itakayokuonyesha upande ambao jicho la chini linapaswa kutazama. Ukikosea, jicho halitalingana na mkono, na kulilazimisha kwa mtaimbo ni kuiua bushi siku ya kwanza. Rudisha shokapu, kaza nati za juu kwa vidole tu, inua mkono wa chini kwa jeki hadi tundu lilingane na bolti, kisha rudisha boljointi, tairodi na stabilaiza kwa pini mpya. Pini iliyokwisha kukunjwa mara moja hairudishwi.

Bolti zote zinazopita kwenye bushi za raba ziache zimekazwa nusu. Raba ya bushi imeshikana na chuma chake cha ndani, na ukiikaza gari likining'inia utaigandisha katika hali hiyo. Gari likishuka chini itabaki imejipinda usiku na mchana hadi ichanike. Kaza mwisho kabisa, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na kwa vipimo vya kitabu cha gari husika.

Kabla ya kushusha, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto magurudumu yakiwa yananing'inia. Tazama kama mkono wa juu unagusa springi, kama hozi ya breki inabakiwa na ulegevu, kama waya wa ABS haujakazana kama uzi wa gitaa. Zungusha shafti kwa mkono na uone raba za sivijointi. Mikunjo ikisuguana yenyewe kwa yenyewe, umekwenda juu mno.

Anayechagua springi ndefu zaidi badala ya spesa atapata gari linalotulia vizuri, hasa akifunga na shokapu zilizotengenezwa kwa urefu huo, nami nikiulizwa hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa anayepita barabara mbovu kila siku. Lakini kubadilisha springi kunahitaji kuibana, na vibanio vya bei rahisi vya bolti mbili huteleza. Peleka shokapu kwenye gereji yenye mashine ya kubana iliyosimikwa ukutani au sakafuni, wakufungie, uje nayo ikiwa tayari.

Kwa Nissan Hardbody, L200 za zamani na D-Max za kabla ya 2012, mbele hakuna koili bali fimbo ya kusokota. Hapo huinuliwa kwa kukaza bolti moja ya marekebisho kila upande, ukihesabu mizunguko ili pande zilingane. Ni rahisi, na urahisi huo huwaponza watu: ukikaza hadi mkono wa juu ukalalia raba yake ya kuzuia, gurudumu halina tena pa kushukia, na gari litakuwa gumu kama mkokoteni.

Nyuma

Njia ziko nne na hazilingani kwa ubora. Iliyo bora ni kufunga springi mpya zenye upinde mkubwa zaidi. Inayofuata ni kuongeza jani moja kwenye springi zilizopo, ambayo huinua na pia huongeza ugumu, kwa hiyo humfaa mbeba mizigo kuliko mbeba abiria. Ya tatu ni shakeli ndefu, kile kipande kinachobembeza mwisho wa springi: kwa kuwa ekseli iko katikati ya springi, shakeli iliyoongezwa milimita 50 huinua gari milimita 25 tu, tena hugeuza uso wa difu kidogo. Ya nne ni bloku ya chuma kati ya springi na ekseli, ambayo huinua kwa unene wake wote.

Bloku inakubalika nyuma ikiwa ni moja, ya chuma au alumini ngumu, yenye kijiti cha kuingia kwenye tundu la senta bolti (bolti inayoshikanisha majani ya springi katikati). Haipandwi bloku juu ya bloku. Nimewahi kuvua chini ya pikapu moja kipande cha mninga kilichochongwa kwa ustadi mkubwa na kupakwa vanishi. Mninga ni mti wa vitanda na milango, na kile kilikuwa kimeanza kupasuka kufuata nyuzi zake.

Inua chasisi na kuiweka kwenye stendi, huku jeki nyingine ikiwa chini ya ekseli. Fungua shokapu za nyuma upande wa chini, kisha yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), na uishushe ekseli taratibu ukitazama hozi ya breki, mrija wa kupumulia wa difu na kebo za breki ya mkono. Fanya upande mmoja kwanza, ili ule mwingine uishikilie ekseli isihame. Senta bolti lazima itumbukie kwenye tundu lake; ikikaa kando hata kidogo, ekseli itakuwa imekaa mshazari na gari litatembea kama mbwa, kiwiliwili upande huu na miguu upande ule. Tumia yubolti mpya, kwa sababu za zamani zimekwisha kuvutika na uzi wake haushiki tena kwa nguvu ile ile. Zikaze kwa kuvukana, kidogo kidogo, ukiangalia kwamba uzi uliobaki chini ni sawa pande zote nne.

Shokapu za nyuma za kiwandani, gari likiwa limepanda milimita 50, hubaki karibu na mwisho wa urefu wake. Nunua zilizo ndefu. Na gari likianza kutetemeka wakati wa kuondoka, hasa dabo kebini yenye propela ya vipande viwili, tatizo mara nyingi liko kwenye beringi ya katikati, ambayo pembe yake imebadilika. Hushushwa kwa vipande vidogo vya chuma na mtetemo hupotea.

Valvu ya breki, ambayo wengi huisahau

Chini ya chasisi, juu kidogo ya ekseli ya nyuma, Hilux nyingi zina valvu iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo ndefu. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likipakiwa, chasisi husogelea ekseli, fimbo husukumwa, na valvu huruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari likiwa tupu huzipunguzia ili magurudumu ya nyuma yasigande na kuteleza. Sasa wewe umeiweka chasisi mbali na ekseli kwa milimita 50 daima. Valvu itaamini kwamba gari ni tupu hata ukiwa na tani moja ya saruji mgongoni, na breki za mbele zitabeba kazi yote kwenye mteremko mrefu.

Dawa yake ni kuinua kishikio cha fimbo pale kinapokaa kwenye ekseli kwa kiasi kile kile ulichoinua nyuma, kwa kipande cha kuongezea kinachouzwa na baadhi ya seti au kinachoweza kuchongwa na fundi mzuri. Gari lenye mgawanyo wa breki wa kielektroniki mara nyingi halina valvu hii. Chungulia chini utajua.

Alaimenti, taa na ukaguzi wa baadaye

Gari likishapanda, usilipeleke safari kabla ya alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu. Kasta (mwinamo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia) hupungua, na dalili yake ni usukani usiorudi wenyewe baada ya kona na gari linalotangatanga kwenye mwendo wa 80. Hilux ina bolti zenye kamu (duara ambalo tundu lake haliko katikati) kwenye mikono ya chini zinazorekebisha kasta na kemba (mwinamo wa gurudumu kwa ndani au kwa nje), lakini huwa zimeshika kutu. Zilegeze na kuzipaka grisi ukiwa bado gereji, ili fundi wa mashine asikuambie haziwezi kuzunguka. Mwombe akupe karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na umwambie wazi kwamba gari limenyanyuliwa.

Jioni rudi kwenye ule ukuta. Urefu kati ya ekseli mbili za dabo kebini ni milimita 3,085, kwa hiyo pua iliyopanda milimita 45 peke yake hupandisha mwanga kwa zaidi ya sentimita 14 katika mita 10, bila kuhesabu kwamba taa yenyewe nayo imekwenda juu. Shusha taa kwa bolti za marekebisho hadi mwanga ukatike kwenye mstari wa chaki. Mjulishe pia anayekukatia bima, kwa maandishi.

Baada ya kilomita 500 kaza upya yubolti, nati za juu za shokapu na nati za magurudumu, kisha rudia kwenye kilomita 1,000. Springi mpya hutulia katika wiki za mwanzo na kushuka milimita kadhaa, kwa hiyo pima tena kutoka habu hadi mdomo wa bodi kwa magurudumu yote manne. Mimi huandika namba hizo kwa kalamu ya rangi upande wa ndani wa boneti, chini yake tarehe na kilomita, ili fundi atakayefuata asianze kwa kubahatisha.